Beetle ya zamani: kufunga distribyuta na kuweka taimingi bila kuunguza pistoni

Fundi wa kwanza niliyempelekea Beetle yangu alikuwa anaweka taimingi (muda wa cheche ya plagi kuruka) kwa sikio. Analegeza distribyuta (kile chombo kinachogawa cheche kwa kila plagi), anawasha, anaizungusha taratibu huku kichwa kakiinamisha kama anasikiliza redio ya jirani, injini ikichangamka anakaza, anafuta mikono, "twende kazi". Na kweli ilichangamka, mtaani ilikuwa inavuta mpaka nikawa najisifu. Miezi miwili baadae napanda mlima Kitonga, watu wanne ndani na mzigo juu, gia ya pili, jua la saa nane, hakuna mlio wowote wa ajabu niliosikia, ghafla nguvu ikaisha kama mtu kaishika gari kwa nyuma na moshi wa bluu ukaanza. Tulipokuja kufungua injini, pistoni ya silinda namba tatu ilikuwa na shimo unaingiza kidole gumba, pembeni aluminiamu imechuruzika kama mshumaa.

Tangu hapo taimingi naweka mwenyewe. Sio kazi ngumu, nusu siku ya kwanza, mara ya pili nusu saa. Ntaeleza kwa Beetle yangu ya mwaka 1969, injini ya 1300, ila kombi na Beetle nyingi za 1200, 1300, 1500 na 1600 mambo ni yale yale.

Kwanza uelewe kwa nini ile ya sikio inaua. Wese haliungui papo hapo, linachukua muda kidogo, kwa hiyo cheche inabidi iwahi, itokee kabla pistoni haijafika juu kabisa (mafundi tunaita topu). Injini ikiwa kwenye sailensa (inazunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta) inatosha kuwahi digrii 7 au 10 hivi. Ikiwa inazunguka mizunguko 3,000 kwa dakika pistoni inakimbia, muda wa kuungua haujabadilika sana, kwa hiyo cheche inatakiwa iwahi zaidi, digrii 28 mpaka 32 kabla ya topu. Hiyo kazi ya kuwahisha inafanywa na vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta ambavyo vinatanuka vikizungushwa kwa kasi, vinavutana na springi. Sasa sikia hesabu. Injini kwenye sailensa inapenda cheche iwahi, ukiiwahisha inapanda mizunguko na inalia vizuri, kwa hiyo sikio linakupeleka mpaka digrii 18 hata 20 bila wewe kujua. Ongeza zile 20 na ushee za vyuma ukiwa barabarani, unapata karibu 40. Pistoni bado inapanda wese limeshalipuka, vinapigana uso kwa uso, joto linakwenda kwenye kichwa cha pistoni.

Kwenye gari inayopozwa kwa maji ungesikia inagonga, au mshale wa joto ungekuambia. Beetle haina mshale wa joto, na kile kifeni na mlio wa nyuma vinafunika kila kitu, unakuja kujua mchezo umeisha. Na kwa nini namba tatu ndo inayokufa? Kwenye injini za mpaka 1970 rediata ya oili imesimama ndani ya lile bati la feni upande wa kushoto, upepo unapita kwanza kwenye oili ya moto ndo unaifikia namba tatu. Kuanzia modeli za 1971 waliitoa wakaipa chumba chake kwa nyuma, ikawa nafuu. Zamani kiwandani kuna distribyuta walizozichonga kabisa ile kemu ya ndani (shafti yenye pembe zinazoamua cheche itoke lini) ili namba tatu ipate cheche imechelewa digrii kadhaa kuliko wenzake, kuionea huruma.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni mmoja: unaweka taimingi ya juu, ile ya digrii 30 injini ikiwa inakimbia, afu sailensa ipate itakachopata. Sio kinyume chake.

Vifaa. Spana 10 na 13 kwa distribyuta, 21 ya plagi na nati ya puli ya dainamo, 30 kama unataka kuzungusha injini kwa puli ya chini. Bisibisi bapa, filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), balbu ya volti 12 yenye waya mbili (kama gari yako bado ni volti 6, za mpaka katikati ya miaka ya 60 nyingi zilikuwa hivo, tafuta balbu ya volti 6), uzi, rula, na taiming laiti (taa inayomweka kila plagi namba moja inapopiga cheche). Taiming laiti azima, kodi, changeni watatu, ila usiseme utaiweka bila hiyo. Balbu inakufikisha kuwasha gari na kuendesha mpaka kwa mwenye taiming laiti, basi.

Kabla ya kugusa taimingi kuna mambo matatu lazima yawe sawa la sivyo unahangaika bure. Mwanya wa vali, injini ikiwa ya baridi kabisa (imelala usiku), 0.15 mm kwa hizi injini nyingi. Plagi 0.6 mpaka 0.7 mm. Na pointi (vile vibati viwili ndani ya distribyuta vinavyofunguka ili cheche iruke) 0.4 mm. Pointi ndo ya muhimu kuliko zote hapa kwa sababu ukibadilisha mwanya wa pointi umebadilisha taimingi, ukiupunguza zinachelewa kufunguka na cheche inachelewa, ukiuongeza inawahi. Kwa hiyo siku zote pointi kwanza, taimingi baadae, mtu anayeweka taimingi afu anamalizia kwa kusafisha na kurekebisha pointi ajue ameanza upya. Zungusha injini mpaka kile kidole cha plastiki cha pointi kikae juu ya pembe ya kemu, hapo mwanya ni mkubwa kabisa, legeza skrubu, weka filageji ya 0.4, ipite kwa kugusa gusa bila kusukumwa, kaza, pima tena maana ukikaza huwa inasogea. Pakaa grisi kidogo kwenye kemu, kidogo kweli, kama kichwa cha kiberiti. Ukiwa na grisi nyingi inarukia kwenye pointi na unaanza kutafuta kondensa mpya (kale kakopo kanakolinda pointi zisiungue) bila sababu.

Sasa alama za puli, na hapa ntakaa kidogo maana ndo watu wengi wanaharibu.

Puli za Beetle zinatofautiana. Kuna yenye kijino kimoja, viwili, vitatu, kuna yenye kijino cha digrii 0, ingine 7.5 na 10, ingine ya digrii 5 BAADA ya topu. Na injini zetu huku zimeshaovaholiwa mara nne na spea za magari matatu, puli uliyonayo inaweza ikawa ya injini ingine kabisa. Usiamini kijino chochote, tafuta topu mwenyewe. Chukua plagi ya zamani, vunja ule udongo mweupe utoke, pitisha bolti ndani yake na uichomelee, ncha ya bolti ichongwe iwe ya mviringo isikwangue pistoni. Toa plagi zote nne, funga hiyo kwenye tundu la silinda namba moja. Zungusha injini KWA MKONO, polepole, mpaka pistoni iguse bolti na kugoma. Usithubutu kugusa stata. Weka alama kwenye puli pale inapotazamana na ule mstari wa katikati ya injini, pale nusu mbili za kesi zinapokutana. Zungusha kinyume mpaka igome tena, weka alama ingine. Katikati ya hizo alama mbili, ile njia fupi, ndo topu yako halisi. Pima kwa uzi, kunja uzi katikati, chora. Mimi nilikuta kijino ambacho kila mtu alikuwa anakiita topu kilikuwa kinatofautiana na topu halisi kwa milimita 8, na milimita 8 kwenye hii puli ni zaidi ya digrii 5!

Baada ya hapo toa lile bolti usilisahau. Zungushia uzi kwenye puli mzunguko mmoja, pima kwa rula. Yangu ni milimita 550. Gawa kwa 12 unapata digrii 30, kwangu ni 45.8, nikaandika 46. Gawa kwa 48 unapata digrii 7.5, ambayo ni milimita 11 na nusu. Simama nyuma ya gari ukiitazama injini: puli inazunguka kufuata saa, kwa hiyo alama za kabla ya topu zinakaa KULIA kwa topu. Weka alama ya 7.5 na ya 30. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya wife, nyeupe kwa topu, nyekundu kwa 30, na alinuna lakini haitoki hata kwa petroli ya haraka haraka, wakati Tipp-Ex ikikutana na oili inabanduka siku hiyo hiyo.

Namba za silinda, usichanganye. Ukisimama nyuma ya gari: kulia ya mbali na wewe ni namba moja, kulia ya karibu ni mbili, kushoto ya mbali ni tatu, kushoto ya karibu ni nne. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, na roto (kile kipande cha juu ndani ya distribyuta kinachozunguka kugawa cheche) inazunguka kufuata saa.

Haya, distribyuta yenyewe. Kuna aina kama tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza yenye kibakuli cha vakyumu (kinachowahisha cheche kwa mvuto wa kabureta) na mpira mmoja kwenda kwenye kabureta. Ya pili ina mipira miwili, ilikuja kwenye baadhi ya 1600 za mwanzo wa miaka ya 70, hii ndo inawekwa digrii 5 baada ya topu kwenye sailensa mipira yote ikiwa imechomekwa mahali pake, na ndo yenye kuwachanganya watu maana wanaisikia hiyo 5 wanaenda kuiweka kwenye kila Beetle. Ya tatu ni 009 ya Bosch na kopi zake, haina vakyumu kabisa, ina vyuma tu. Hiyo 009 imejaa mtaani kwa sababu ni rahisi kufunga na ni nafuu, na kwa kweli kwenye mwendo wa juu inafanya kazi, ila ukikanyaga mafuta ghafla kutoka kwenye sailensa kuna sehemu gari inajikwaa kabla ya kuondoka, hasa ukiwa na kabureta ya 34 PICT-3. Watu wanalaumu kabureta, wanaifungua mara kumi, kumbe ni distribyuta. Kama una ile ya vakyumu na bado nzima usiitoe kwa ajili ya 009, utajuta.

Kujua kama ni nzima: shika roto uizungushe kufuata saa, itasogea kidogo, iachie, irudi yenyewe kwa nguvu. Isiporudi vyuma vimeshika kutu au springi imekatika. Isukume roto kushoto kulia, ikicheza bushi zimekwisha na mwanya wa pointi hautatulia kamwe hata ununue pointi za dhahabu. Ile ya vakyumu nyonya mpira kwa mdomo, bati la ndani lisogee, ziba na ulimi lisirudi. Likirudi taratibu kibakuli kimetoboka. (Futa mpira kwanza, ladha yake utaikumbuka wiki nzima.)

Kutoa. Tenganisha betri, fungua kepu iweke pembeni na waya zake zote, chomoa waya mwembamba unaotoka koili (inayopandisha umeme wa betri kuwa wa cheche). Halafu kuna nati mbili: ya 13 inayoshika kibano kwenye kesi ya injini, na ya 10 inayobana shingo ya distribyuta. Kama unatoa kwa ajili ya kusafisha tu fungua ya 13 PEKE YAKE, distribyuta itatoka pamoja na kibano chake na ukiirudisha taimingi iko pale pale au karibu sana. Ukilegeza ya 10 umepoteza. Fundi wako akianza na ya 10 muulize anatafuta nini. Ikigoma kutoka usipige nyundo, pakaa oili ya kulainisha kutu, iache, izungushe kushoto kulia huku unavuta.

Ikishatoka chungulia ndani ya shimo. Utaona shafti fupi yenye mfereji, na juu yake kuna springi ndogo. Hiyo springi mara nyingi inatoka imeganda kwenye distribyuta au inaruka, itafute, iweke kwenye kikombe. Ule mfereji hauko katikati, upande mmoja ni mpana mmoja mwembamba, ndo maana distribyuta haiwezi kuingia kichwa chini miguu juu. Injini ikiwa topu ya namba moja mfereji unatakiwa ukae kukatisha ule mstari wa kati wa injini, ukitoka kushoto kwenda kulia, na ile nusu mwezi nyembamba iangalie kwako upande wa puli. Ikiwa hivo furahi, rudisha springi, huna kazi kubwa.

Unajuaje ni topu ya namba moja na sio ya namba tatu? Maana puli inapita alama mara mbili, mara moja kwa namba moja na mara moja kwa namba tatu. Toa plagi namba moja, ziba tundu na karatasi ya chooni iliyokunjwa, zungusha injini kwa mkono kufuata saa, karatasi ikiruka "pwa!" basi namba moja inakandamiza, endelea mpaka alama ya topu. Au fungua kifuniko cha vali cha kulia, roka zote mbili za namba moja zicheze kwa mkono.

Kama mfereji umekaa vibaya ina maana mtu kabla yako aliirudisha ile shafti bila kuangalia. Unaweza kuishi nayo kwa kuhamisha waya za plagi, watu wanaishi hivo miaka, ila siku utakayouza au utakayopata fundi mwingine ni vurugu. Kuitoa inabidi utoe kwanza pampu ya mafuta pamoja na kile kiti chake na fimbo, maana shafti hiyo hiyo ndo inaisukuma pampu. Halafu unavuta juu huku unaizungusha, fimbo ya mti iliyobana vizuri kwenye shimo lake inatosha. Na sasa sikiliza: chini ya hiyo shafti kuna washa (ringi bapa) mbili nyembamba. Zikitoka na shafti, moja ikabaki imening'inia kwenye oili afu ikaangukia ndani ya kesi, umefungua injini nzima. Nasema kwa uchungu, rafiki yangu alikuwa anaivua kwa sumaku siku mbili. Kurudisha washa usizitupie, pitisha bisibisi ndefu nyembamba mpaka chini ya shimo, washa ziteleze juu yake moja moja kama shanga. Shafti ina meno ya mshazari, ikiingia inajizungusha, kwa hiyo ianzishe imepinda kidogo ili ikifika chini mfereji ukae sawa. Utajaribu mara tatu nne, kawaida.

Kufunga: oringi mpya shingoni, oili kidogo, injini ikiwa topu ya namba moja, ingiza huku unazungusha roto mpaka uisikie imekaa "tak". Kwenye mdomo wa distribyuta kuna mkwaruzo au kifereji, hapo ndo pa namba moja, roto iangalie hapo. Kwenye kopi zingine mkwaruzo haupo au uko kusikojulikana, usibishane nao, pale roto inapoangalia injini ikiwa topu ya namba moja ndo pa namba moja. Kutoka hapo kufuata saa funga waya 1, 4, 3, 2.

Taimingi ya balbu, ili gari iwake. Zungusha injini mpaka alama ya 7.5 itazamane na mstari wa kesi, roto ikiwa kwa namba moja. Waya mmoja wa balbu kwenye koili namba 1 (ule upande unaokwenda distribyuta), mwingine kwenye chuma cha injini. Rudisha betri, washa switchi bila kupiga stata. Legeza nati ya 10. Zungusha distribyuta kufuata saa mpaka balbu izime, afu irudishe kinyume cha saa taratiiibu, pale pale inapowaka tu, simama. Kaza. Balbu kuwaka maana yake pointi zimefunguka, na zinapofunguka ndo cheche inaruka. Usiache switchi ikiwa imewashwa ukaenda kunywa chai, koili inachemka.

Washa gari. Iache ipate moto, dakika kumi, ikae sailensa ya 800 au 900 hivi.

Taiming laiti sasa. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma kulia, waya hazifiki, mimi naburuza waya za kubusti mpaka nyuma. Kile kibano cha taiming laiti bana kwenye waya wa plagi namba moja. Kama una vakyumu chomoa mpira na uzibe kwa skrubu. Vua mkufu, kunja mikono ya shati, matambara yote ondoa kwenye chumba cha injini, lile feni linanyonya, kitambaa kikiziba pale injini inakosa upepo na hutajua. Na tazama mpira wa petroli wakati uko hapo, distribyuta inarusha cheche na pampu imekaa jirani yake, mpira uliopasuka badilisha leo leo.

Mulika puli. Beetle haina mshale wa mizunguko lakini hauuhitaji: vuta mkono wa kabureta polepole, utaona alama zinatembea, endelea kuvuta mpaka zinagoma kutembea, inakuwa kama mizunguko 3,000 na kidogo. Hapo ndo vyuma vimemaliza. Shikilia hapo. Alama nyekundu ya 30 inatakiwa isimame kwenye mstari wa kesi. Ikionekana KULIA kwa mstari cheche inachelewa, zungusha distribyuta kinyume cha saa kidogo. Ikionekana KUSHOTO inawahi mno, zungusha kufuata saa. Kidogo maana yake kidogo, upana wa uzi tu, puli inasogea mara mbili ya distribyuta. Ukipata kaza ya 10, mulika tena maana ukikaza huwa inateleza, afu usiikaze kwa hasira, kibano kikipinda hakibani tena.

Rudi sailensa, mulika. Ukiona 7 mpaka 10 distribyuta yako iko vizuri. Ukiona 0, au inarukaruka kama ina homa, au ukikuta 20, vyuma na springi ndani ndo tatizo, usijaribu kutibu kwa kuzungusha distribyuta, utaiweka sailensa sawa uharibu juu. Na hapo utatamani kuiongeza kidogo kwa sababu sailensa imekuwa mzito kuliko alivyoweka fundi wa sikio. Usiguse. Pandisha sailensa kwa skrubu ya kabureta, ndo kazi yake. Mimi mwenyewe naweka 28 badala ya 30 nikijua nina safari ya mzigo, napoteza nguvu kidogo sana sijawahi hata kuisikia.

Dalili za haraka haraka. Stata inagoma na kurudi nyuma kama betri limeisha, hasa injini ikiwa ya moto: cheche inawahi. Gari nzito, inakunywa wese, ekzosi inakuwa nyekundu usiku: inachelewa, na hiyo nayo inachemsha injini usifikiri ukichelewesha sana ndo usalama. Inapiga risasi kwenye kabureta na haiwaki kabisa: waya za plagi umepanga kinyume cha saa, au uko topu ya namba tatu. Pointi zinaungua kila wiki: kondensa.

Kuna wanaoweka ile moduli ya elektroniki badala ya pointi, waya mwekundu kwenye koili namba 15, mweusi kwenye namba 1. Ni nzuri, mwanya hausogei tena. Ila taimingi unaiweka vile vile kwa taiming laiti, na pointi zako za zamani na kondensa ziweke kwenye dashibodi, moduli ikifa porini haina ukarabati, inakufa jumla, wakati pointi utazisafisha na msasa wa kucha ukafika nyumbani. Tommy Fjastad alichukua ubingwa wa mbio za Safari Rally za 1962 na VW 1200 yenye pointi hizi hizi, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba haziendi mbali.

Pointi mpya kile kidole cha plastiki kinalika haraka mwanzoni, mwanya unapungua na cheche inaanza kuchelewa. Ukifika kilomita 500 fungua kepu, pima tena 0.4, mulika tena 30. Baada ya hapo kila kilomita 5,000 pamoja na kumwaga oili na kupima vali.